Baiskeli ya binti yangu ilivyovuka ziwa hadi Ukerewe

Barua ya uhamisho ikifika nyumbani, watu wazima huanza kuhesabu makabati, vitanda na magodoro. Watoto nao wana hesabu yao. Wanahesabu marafiki, njia ya dukani, mti wa jirani, na kile kitu kimoja ambacho hawako tayari kukiacha. Mzazi akikidharau kitu hicho, anahama na mizigo yote lakini mtoto anabaki nyuma.

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi. Desemba iliyopita tulihama kutoka Tabata, Dar es Salaam, kwenda Ukerewe, kisiwa kikubwa kuliko vyote katika Ziwa Victoria. Baba watoto alibaki Dar na mdogo wao wa kiume mpaka mkataba wake wa kazi uishe. Mimi nilitangulia na binti yetu wa miaka 14, aliyekuwa anaingia kidato cha pili.

Habari ya kuhama hakuipokea vizuri. Kwa siku kadhaa alinijibu kwa "ndiyo" na "hapana" tu. Friji tuliuza, akanyamaza. Kabati tuliuza, akanyamaza. Tulipofika kwenye baiskeli ndipo aliposema sentensi nzima: "Mama, hiyo siiachi."

Hesabu ya baba na hesabu ya mtoto

Baiskeli yenyewe ni mtumba wa Japani, zile zenye kikapu mbele, stendi ya miguu miwili na kufuli la duara kwenye gurudumu la nyuma. Kwenye fremu bado ina kibandiko cha usajili wa kule ilikotoka, kwa sababu Wajapani husajili baiskeli zao ili zikiibwa zijulikane ni za nani. Ilikuja Dar kwa meli, ndani ya kontena, imebanwa na wenzake kama dagaa kwenye debe.

Baba yake alitaka tuiuze na tununue nyingine Mwanza. Hakuwa na ubaya. Ukanda wa Ziwa umejaa baiskeli, mafundi ni wengi, na spea hazisumbui. Kwa fedha, tofauti ya kuibeba na kununua nyingine haikuwa kubwa.

Binti alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Baba, hii naijua. Ikilia najua inalia wapi. Hiyo nyingine nitaanza kuisoma upya, na shule nitaanza upya, na marafiki nitaanza upya."

Baba yake alinitazama. Nami nilikuwa nimepata habari kwamba nyumba tuliyopangiwa iko mbali na sekondari atakayosoma, mwendo wa zaidi ya saa nzima kwa miguu. Mzazi mwenzangu mwenye binti anajua saa hiyo ina maana gani, hasa jioni, mtoto akirudi amechoka na giza linaingia. Baiskeli ilikuwa ile saa yake. Tukakubaliana iende.

Ndege, treni au basi

Wengi wakisikia "mbali" hufikiri ndege. Nami niliulizia, na niliyojifunza yatamfaa mzazi yeyote, hata aliye ughaibuni anayetaka kumletea mtoto baiskeli nyumbani.

Mashirika mengi ya ndege huruhusu begi la abiria lenye uzito wa hadi kilo 23, na vipimo vyake vitatu, yaani urefu, upana na kimo, vikijumlishwa visizidi sentimita 158. Baiskeli ya kawaida haifiki kilo 23. Tatizo lake ni umbo. Boksi la baiskeli lenye urefu wa sentimita 140, upana 25 na kimo 80 linakupa jumla ya 245. Hilo ni zaidi ya kipimo, na mashirika mengi hulihesabu kama mzigo maalumu unaotolewa taarifa mapema na kulipiwa peke yake. Kwenye ndege ndogo kuna swali jingine: je, boksi litapita kwenye mlango wa mizigo? Piga simu uulize kabla ya kukata tiketi. Ukiuliza ukiwa kwenye foleni umeshachelewa.

Ukiipeleka kama mzigo wa kawaida wa ndege bila abiria, hesabu hubadilika tena. Wasafirishaji hupima uzito halisi, kisha hupima nafasi: urefu mara upana mara kimo kwa sentimita, halafu wanagawanya kwa 6,000. Boksi letu la mfano ni 140 mara 25 mara 80, sawa na 280,000. Gawanya kwa 6,000, unapata karibu kilo 47. Utalipia kilo 47 kwa baiskeli yenye kilo 20, kwa sababu wao huchukua kilicho kikubwa. Ndiyo maana kupunguza ukubwa wa boksi kuna faida kuliko kupunguza uzito.

Na kama ni baiskeli ya umeme, sahau kuipandisha na betri yake kama mzigo wa abiria. Betri za lithiamu zinazozidi wati-saa 160 haziruhusiwi kwenye mizigo ya abiria, na betri nyingi za baiskeli hizo zinazidi hapo kwa mbali.

Kwa meli ya kontena, wanaosafirisha mizigo ya watu wengi pamoja hutoza zaidi kwa nafasi. Boksi lile lile ni kama robo tu ya mita moja ya ujazo. Ndiyo sababu wengi walioko Ulaya au Ghuba huiunganisha baiskeli na mizigo mingine ya familia, wakakubali kusubiri wiki kadhaa badala ya kulipia ndege.

Sisi tulikuwa ndani ya nchi. SGR tangu mwaka 2024 inafika Dodoma, lakini safari yetu ilikuwa inapita hapo mbali. Treni ya reli ya zamani inakwenda mpaka Mwanza, ila siku zake hazikulingana na tarehe yangu ya kuripoti kazini. Likabaki basi, zaidi ya kilomita 1,100 za lami, kisha meli.

Somo la jioni mbili kwa fundi

Kazi ya kuifungua baiskeli ningeweza kumlipa fundi wa mtaani aifanye mwenyewe. Nilimlipa, lakini kwa sharti moja: mikono iwe ya binti. Huko tuendako fundi hatakuwa pembeni, na aliyeifungua ndiye atakayejua kuifunga.

Jioni ya kwanza walianza na simu. Walipiga picha kila upande kabla ya kugusa nati yoyote: breki zilivyokaa, waya zilivyopita, kikapu kilivyofungwa. Wakapiga na picha ya namba ya fremu. Namba hiyo mara nyingi iko chini, penye ekseli ya pedeli, au kwenye bomba la kiti. Mzigo ukipotea, picha hiyo ndiyo cheti chako cha kuzaliwa.

Kisha wakatoa pedeli kwa spana namba 15. Hapa watu wengi huharibu. Pedeli ya kulia hufunguka kama nati nyingine, lakini ya kushoto nyuzi zake ziko kinyume. Fundi alimpa kanuni rahisi: spana ikiwa imesimama juu, ukiisukuma kuelekea gurudumu la mbele unakaza, ukiisukuma kuelekea la nyuma unalegeza. Ni hivyo pande zote mbili. Binti aliirudia kama jedwali la hesabu.

Usukani hawakuuchomoa. Walilegeza bolti ya juu kidogo, wakaweka kipande cha ubao, wakaigonga kwa nyundo mara moja, nao ukaachia. Wakaugeuza ukalala sambamba na fremu. Ndivyo hata zile za kontena zinavyopangwa ili zibanane. Kiti kikashushwa hadi mwisho. Kikapu kikatolewa.

Jioni ya pili walitoa gurudumu la mbele tu. La nyuma lina mnyororo na breki zake, kulitoa ni kujitafutia kazi mbili. Penye uma wa mbele, pale gurudumu linapokaa, walikaza kijiti cha ubao chenye upana ule ule. Mzigo ukilaliwa na gunia, uma hautabanwa ukakunjamana. Gurudumu likafungwa ubavuni mwa fremu, katikati limetenganishwa kwa boksi lililokunjwa ili ekseli isikwaruze. Upepo ukapunguzwa, haukutolewa wote, maana tairi lenye upepo kidogo hulinda rimu lisipigwe.

Kufunga hatukununua kitu. Maboksi tuliomba dukani, na badala ya kamba tulitumia mipira, vile vipande vya tyubu kuukuu ambavyo kila fundi anavyo. Mpira hushika, haukati rangi, na ukifika unautumia tena. Nati zote ziliingia kwenye soksi ya shule iliyobaki moja, soksi ikafungwa kwenye fremu. Juu ya boksi binti aliandika kwa kalamu nene: jina langu, namba yangu ya simu, NANSIO, na mshale wa kuonyesha juu ni wapi. Akaandika tena upande wa pili.

Ilikuwa mara ya kwanza baada ya wiki nzima nilipomsikia akicheka.

Mbezi hadi Mwanza

Kituo cha Magufuli, Mbezi, alfajiri, hakina subira. Mpakiaji alitaka kuilaza baiskeli chini, kisha magunia yafuate. Sikugombana naye. Nilimwambia, "Kaka, hii ni ya shule, naomba iingie mwisho, isimame ubavuni." Akaitazama ile alama ya mshale, akamtazama binti, akaisogeza pembeni mpaka magunia yalipokwisha kupangwa. Tukapewa risiti ya mzigo. Risiti hiyo usiiweke ndani ya begi lililoko kwenye buti. Kaa nayo.

Lugha nzuri na kuwahi mapema ni nusu ya usafirishaji. Anayefika dakika ya mwisho na boksi kubwa hana la kuchagua, atapangiwa palipobaki.

Barabara ile ni somo la jiografia. Morogoro na milima yake, Gairo na upepo wake, Dodoma mchana, kisha mbuyu na vichaka vya Manyoni, mawe ya Singida, mteremko wa Sekenke ambao abiria hunyamaza wenyewe bila kuambiwa, halafu tambarare ya Igunga na Nzega. Kila basi liliposimama na buti kufunguliwa, binti alishuka. Hakusema kitu kwa mtu, alisimama tu mahali anapoonekana. Mzigo wenye mtu anayeutazama haurushwi.

Kuanzia Shinyanga, nje kulikuwa giza, lakini kwenye mwanga wa taa tulianza kuziona: baiskeli zenye viti vya sponji nyuma, zimebeba mama na mtoto, zimebeba mkaa, zimebeba kitanda. "Kumbe huku ndiko kwao," alisema. Aliisemea baiskeli yake.

Madigadi ya mbele ilifika Mwanza imepinda. Mengine yote yalikuwa salama.

Kwenye maji, uzito si utani

Tulilala kwa ndugu, asubuhi tukaenda bandarini. Meli ya Nansio huchukua zaidi ya saa tatu. Bandarini mizigo hupimwa na kulipiwa, na ninawashauri wazazi wasitafute njia ya kuupitisha mzigo pembeni ili kuokoa shilingi chache.

Watu wa ziwa hawahitaji kukumbushwa sababu. Mei 21, 1996, MV Bukoba ilizama karibu na Mwanza na kuondoka na mamia ya watu. Septemba 20, 2018, kivuko MV Nyerere kilipinduka karibu na Ukara, kisiwa jirani cha Ukerewe, na zaidi ya watu 220 walifariki. Kivuko hicho kilikuwa na uwezo wa kubeba watu 100. Mzigo usioandikwa ni uzito ambao nahodha haujui.

Binti alikuwa amesoma habari hizo kwenye simu yangu wiki zile za kimya. Sikujua mpaka tulipokuwa kwenye foleni, aliponiuliza taratibu, "Mama, na sisi tukizidi?" Hapo nilielewa kwamba kile kimya hakikuwa cha marafiki wa Tabata peke yao.

Sikumwambia asiogope. Nilimpeleka kwa mhudumu wa meli, nikamwomba atuonyeshe maboya ya kujiokolea yako wapi na yanavaliwaje. Yule baba hakutucheka. Alimvalisha moja, akamwonyesha kamba, akamwambia, "Mwanangu, anayeuliza ndiye ninayemtaka kwenye meli yangu." Baiskeli akaipangia mahali mbali na ngazi na mbali na njia. Mzazi unayesafiri na mtoto majini, fanya hivyo hata kama huna baiskeli. Dakika tano zinatosha.

Meli ilipoyaacha mawe ya Mwanza nyuma, alisimama kwenye reli akihesabu visiwa vidogo. Alipofika kumi na moja aliacha kuhesabu, akaanza kula mahindi.

Gatini Nansio

Nansio tulipokewa na jua kali na vijana wa baiskeli wakitafuta abiria. Binti hakutaka kusubiri nyumbani. Alikata mipira pale pale pembeni ya gati, akatoa soksi ya nati, akafungua picha kwenye simu.

Vijana wawili walikuja kusaidia, kama ilivyo desturi ya watu wa huku. Mmoja alishika pedeli ya kushoto, akaanza kuizungusha kama ya kulia. "Kaka samahani," binti akasema, "hiyo inakwenda kinyume. Sukuma mbele." Kijana akacheka, akamwachia spana. Wakamzunguka watatu, wanne, wakimtazama akikaza. Mmoja aliinyoosha madigadi kwa goti. Mwingine alileta pampu. Walipouliza inatoka wapi, alijibu, "Japani," nao wakaangua kicheko mpaka walipokiona kile kibandiko.

Kabla ya kuipanda, hakikisheni mambo matatu, hata kama safari ilikuwa fupi: usukani haugeuki peke yake mtu akiubana kwa magoti na kuuzungusha, breki zote mbili zinashika, na gurudumu la mbele limekazwa nati pande zote mbili. Mtoto akiwa na haraka ya kupanda, hapo ndipo mzazi awe mkali.

Alipanda. Alitangulia na mmoja wa vijana wale aliyebeba begi letu, mimi nikafuata nyuma ya mwingine, kwenye kiti cha sponji, nimeshika sketi kwa mkono mmoja.

Miezi minne baadaye

Njia ya shule ina mchanga na mawe, na wiki ya kwanza alianguka mara mbili. Lakini ile saa nzima ya kutembea imekuwa dakika zisizofika thelathini. Anafika hajachoka, anarudi kungali na jua. Nyuma, kwenye keria, humbeba msichana wa darasani kwake anayekaa njiani. Wakifika penye kilima wanashuka wote wawili na kusukuma. Ndiye rafiki wa kwanza, na yeye ndiye aliyemfundisha salamu za Kikerewe.

Nyumbani nimeona jingine. Mnyororo ukitoka haniiti. Jirani pedeli yake ilipokwama, mtoto wake alitumwa kwetu kumuulizia "yule dada wa spana". Kama ningemlipa fundi aifunge peke yake, tungefika na baiskeli tu.

Mwezi ujao baba yake anahamia huku, na mdogo wake anakuja na baiskeli yake ndogo. Juzi usiku nilimkuta binti kitandani akirekodi ujumbe wa sauti kwenye WhatsApp. Ulikuwa mrefu. Ulianza na picha za kila upande, ukaenda kwenye kijiti cha uma na soksi ya nati, na mwishoni akarudia polepole, kama anayemsomea imla mtoto wa darasa la pili: "Baba, ya kushoto inakwenda kinyume. Na usimfungulie wewe, mwache afungue mwenyewe."